Mbuzi Aliyechomwa Juu ya Sakafu Yangu

Majengo, Nyeri

Kwako Mama Righa, mke wangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi. Natumai karatasi hii itakukuta umepona kile kikohozi, na goti la mama limepoa kidogo, na Righa amerudi kutoka shule akiwa na viatu vyote viwili safari hii. Wawuda, mdogo wake, najua ni mzima, maana kila nikipiga simu namsikia akibishana na mtu. Mimi mwili uko salama. Ila nimechoka, Mama Righa. Si mgongo. Mgongo niliuzoea zamani. Huu uchovu sijui hata umekaa wapi, lakini nikiamka asubuhi naukuta umeamka kabla yangu.

Utashangaa kupata barua, wakati kila mtu ana simu mfukoni. Nimeandika kwa sababu ya hiyo simu. Majuzi uliponiuliza lile swali nikakwambia mtandao unapotea, kisha nikakata. Mtandao haukupotea. Nilikuwa nimekaa kitandani, nakusikia vizuri kabisa, hata kuku wako nilikuwa nawasikia. Nilikata kwa sababu sikuwa na jibu. Kwenye karatasi siwezi kukata, kwa hivyo nikaenda dukani pale chini, karibu na msikiti, nikanunua bahasha na kalamu. Mwenye duka akaniuliza kama naomba kazi ya serikali.

Swali lako nalikumbuka lote. Uliuliza, mchungaji asome matangazo ya ndoa yetu au asisome? Ulisema anataka jibu kabla ya Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane, kwa kuwa lazima yasomwe Jumapili tatu mfululizo, na ameshachoka kuyaandika na kuyafuta. Tumemchosha kweli. Desemba nilisema kazi haijaisha. Pasaka nikasema kazi imeisha lakini pesa imeshikiliwa. Hukunigombeza mara zote mbili, ulisema tu "sawa, Baba Righa," na hiyo "sawa" yako ndiyo inayonitesa kuliko matusi.

Najua hulilii keki wala gari la kupambwa maua. Mahari nilimaliza, tumekaa miaka kumi na sita, hakuna mtu Wundanyi asiyejua wewe ni mke wangu. Unacholilia ni ile benchi ya mbele. Umepika chai ya umoja wa akina mama, umefua vitambaa vya madhabahu, umetembelea wagonjwa wao kuliko wao wenyewe, lakini kwa kuwa ndoa yetu haijabarikiwa huwezi kuvaa sare yao wala kukaa nao. Sare uliishona kabla ya Desemba, ukaikunja ukaiweka sandukuni. Nilipokuja mwezi wa pili niliiona nikitafuta blanketi, nikafunga sanduku haraka. Hujui kwamba niliiona. Sasa unajua.

Wacha nikueleze hii pesa vizuri, maana nimekuambia "imeshikiliwa" mara nyingi hadi nahisi unafikiri nina mwanamke Nyeri. Ningekuwa naye nisingekuwa nakula ugali niliousonga mwenyewe, wenye madonge.

Unamkumbuka yule jamaa aliyetuchimbia choo na kukijengea ukuta? Alipomaliza ulimpa sehemu kubwa ya pesa yake, halafu ukamwambia iliyobaki ataipata masika yakipita na ukuta ukiwa umesimama. Alikununia wiki nzima. Masika yakapita, ukuta ukasimama, ukamlipa na mkungu wa ndizi juu. Basi huku kwenye mjengo ni vivyo hivyo, tofauti ni kwamba imeandikwa kwenye mkataba. Kila mkandarasi anapolipwa, mwenye jengo anakata sehemu moja ya kumi na kuishikilia. Siku jengo linapokabidhiwa anaachilia nusu. Nusu iliyobaki anakaa nayo miezi sita akitazama kama kuna kitu kitapasuka au kubanduka. Kikitokea, fundi arudi akitengeneze kwa gharama yake, na akikataa, pesa ile inamlipa fundi mwingine. Kisipotokea, injinia anaandika cheti na pesa inatoka. Mkandarasi wangu, Bwana Kamau, naye ananishikilia mimi kwa mtindo huo huo, kwa sababu nilichukua kazi ya sakafu na plasta chini yake. Yeye asipopewa, mimi sipewi, na mimi nisipopewa, mwenzangu Gitonga hapewi. Sina ugomvi na sheria hiyo. Wewe uliitumia kwa choo kabla hujaisikia.

Nusu ya kwanza ilitoka mwezi wa kwanza ikaenda kwa karo ya Righa. Nusu ya pili ndiyo harusi.

Jengo lenyewe ni nyumba ya kupozea maziwa, ya kikundi cha wafugaji upande wa Mukurweini. Asubuhi wanawake wanashuka na vibuyu vyao vya plastiki, boda boda zinakuja zimefungwa mitungi pande zote, na maziwa yanamwagwa ndani ya tangi kubwa la chuma. Sakafu ya nyumba kama hiyo si mchezo. Inatakiwa iwe laini isishike uchafu, na iwe na mteremko mdogo ambao macho hayauoni. Mimi niliipata, Mama Righa. Ukimwaga kikombe cha maji mlangoni, yanatembea yenyewe hadi kwenye mfereji bila kusukumwa na mtu. Niliwaonyesha watu hilo jambo mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Unanijua.

Gitonga nilishakutajia. Ni mtu wa Meru, baba wa watoto watatu, mpole mpaka anaudhi. Anakoroga saruji kama mwanamke anayepikia wakwe. Tangu jengo likabidhiwe tumekuwa tukitafuta vibarua huku na huku tukisubiri miezi sita iishe. Mwezi wa tano tulikuwa Kagio tukipiga plasta kwenye stoo ya vitunguu na nyanya. Kule kuna joto kama Voi na mbu wa mashamba ya mpunga, lakini angalau nilivua sweta.

Miezi sita ikaisha. Injinia akaja kukagua. Ni mama wa makamo, anaitwa Muthoni, haongei sana, anatembea na nyundo ndogo akigonga sakafu hapa na pale huku ameinamisha sikio. Alianza mlangoni, tik, tik, tik, safi kabisa. Nikawa nimeshaanza kukutafuta kwenye simu nikupe habari. Alipofika kona ya nyuma, karibu na mfereji, sauti ikabadilika, ikawa nzito kama ya mtungi mtupu. Akagonga tena. Ngozi ya juu ikabanduka, kipande cha ukubwa wa meza ya chakula, na chini yake mashimomashimo yamejaa maji yaliyochacha ya maziwa. Harufu yake ilikuja mpaka mlangoni.

Akaniuliza hii ni nini. Bwana Kamau akanitazama. Mwenyekiti wa wafugaji, Mama Nyambura, naye akanitazama. Nikasema sijui.

Nilijua. Hapo ndipo kuna aibu yangu yote, na ndiyo sababu ya kalamu hii.

Huku jengo halijakabidhiwa mpaka mbuzi achinjwe. Karatasi zinasainiwa asubuhi, lakini zile ni za injinia. Za watu ni mbuzi. Siku ile ya kukabidhi, mwezi wa kwanza, injinia alisaini akaenda zake, na kamati ya wafugaji ikaleta mbuzi dume mwenye mafuta. Moto ukawashwa nje. Nyama haijageuzwa hata mara moja, mvua ikashuka, ile mvua ya mlimani isiyo na adabu. Wazee wakaanza kuhangaika na mabati, moshi ukawajaa machoni, mwingine akasema basi nyama iliwe nusu mbichi. Nikasimama mimi, mgeni kutoka Taita, niliyekuwa nimesifiwa tangu asubuhi kwa ajili ya maji yanayotembea yenyewe. Nikasema leteni moto ndani. Nikasema sakafu yangu haiogopi kitu.

Gitonga alinivuta pembeni. "Fundi, hii simiti bado iko na maji ndani," akaniambia. "Haijamaliza hata mwezi. Ukiweka moto itapasuka." Nikamwambia asinitie aibu mbele ya watu. Nikachukua sepetu mwenyewe, nikabeba makaa ya kwanza mwenyewe, nikayaweka kwenye kona ile.

Nyama ilipoanza kuiva tukasikia mlio, pa, na baada ya muda, pa. Watu wakacheka wakasema ni mifupa. Mimi nilijua si mifupa. Kila ilipoalika nilicheka kuliko wote.

Kesho yake asubuhi nilirudi peke yangu, nikamwambia mlinzi nimesahau pimamaji. Nilipozoa majivu nikakuta sakafu imechimbika vibaya. Kazi ya haki ilikuwa kukata kipande chote na kumwaga upya, siku mbili tu. Lakini kukata kungepigiwa kelele, na mtu angeuliza, na ile nusu ya kwanza ingengoja, na karo ya Righa ilikuwa inadaiwa. Nikakoroga uji wa saruji, nikapaka juu, nikasugua kwa mwiko mpaka ikang'aa. Kwa macho hungejua. Miezi sita yote nimekuwa nikikuambia tunangoja kuona kama kuna kasoro, na mimi kasoro nilikuwa naijua ilipolala.

Injinia alitoa wiki moja chanzo kijulikane, kisha wote wakutane tena palepale. Wiki hiyo ndiyo uliyonipigia nikakata simu.

Siku ya mkutano Bwana Kamau alikuja na jibu lake tayari. Alisema amekumbuka kona ile saruji yake ilikorogwa na Gitonga, na bila shaka Gitonga alizidisha mchanga. Kwa hivyo sehemu ya Gitonga haitatolewa, itatumika kulipa fundi mwingine atengeneze, na sisi wengine cheti kiandikwe tulipwe. Alikuwa ameipanga vizuri. Sehemu yangu ingetoka wiki hiyo hiyo. Nisikufiche, kwa muda kama wa kuhesabu hadi ishirini, niliona hema, niliona chai na mchele wa wageni, niliona na sare yako.

Nikatazama kamati. Kila aliyekula mbuzi yule alikuwa anaangalia viatu vyake. Wao pia walikuwa na hofu yao. Kasoro ya fundi inalipwa na fundi, lakini jengo likiharibiwa na wenyewe baada ya kukabidhiwa, wenyewe ndio wanagharamia.  Gitonga alinitazama mara moja tu, si kwa hasira, halafu akaanza kufungafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa.

Nikasema, "Saruji ya Gitonga haina makosa. Moto niliuleta mimi."

Nikasema yote, mvua, makaa, sepetu, uji wa saruji, na pimamaji ambayo sikuisahau.  Bwana Kamau akaniambia nimechanganyikiwa na baridi, nikae chini. Injinia akamwambia aniache nimalize. Alikuwa anaandika. Akaniuliza Gitonga alikuwa wapi moto ukiwashwa, nikamwambia alikuwa amenishika mkono akinikataza.

Ndipo Mama Nyambura akainuka, polepole, na mtandio wake begani. "Injinia, na sisi tulikula hiyo mbuzi," akasema. "Hakuna mtu alimwambia atoe moto. Andika hiyo pia."

Injinia akaandika. Akasema yeye hapimi mbuzi, anapima sakafu. Moto ni wa watu wote waliokuwa pale, lakini kupaka uji juu ya ufa na kunyamaza ni kwa fundi mmoja. Kwa hivyo uamuzi ukawa hivi: nikate kipande kile na kumwaga upya kwa pesa yangu, kikundi kinipe mchanga na maji. Gitonga alipwe haki yake sasa kwa kuwa hana kosa. Na sehemu yangu mimi iendelee kushikiliwa miezi sita mingine, kwa sababu kipande kipya nacho lazima kitazamwe. Bwana Kamau hakufurahi, lakini alisaini. Tangu siku hiyo hajapokea simu yangu.

Sikulaumu sheria. Nilitamani tu ingekuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amechoka.

Tulikata kona ile mimi na Gitonga. Nilimwambia si lazima aje, ameshalipwa, akaja na nyundo yake. Tumemwaga upya, nimerudisha mteremko, na tunafunika kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Siku ya pili, tukinywa chai ya Mama Nyambura juu ya ndoo zilizopinduliwa, nikamwomba msamaha. Akapuliza chai yake kwanza. "Nilijua utasema," akaniambia. "Chenye sikujua ni utachukua muda gani."

Nikakufikiria wewe. Nikaweka chai chini.

Miezi hii yote nimekuwa nikijiambia siwezi kuja kufunga ndoa kwa sababu pesa imeshikiliwa. Nikikaa nayo karibu, nilidhani itatoka haraka. Lakini pesa ile haihitaji mtu wa kukaa nayo, Mama Righa. Inaweza kukaa miezi sita yenyewe, mimi nikiwa Wundanyi au nikiwa Majengo. Gitonga amesema atamwagilia magunia na kupitia pale kila wiki, na siku ya ukaguzi atasimama badala yangu. Hata hakungoja nimalize kumwomba.

Basi jibu la swali lako ni hili. Asome. Mwambie mchungaji asome Jumapili ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, na asiweke kifutio karibu. Kabla ya ile ya tatu nitakuwa nimekaa ndani ya kanisa nikisikia jina langu likitajwa na lako.

Ila nataka ujue nakuja na nini. Nauli ninayo. Pete mbili ninazo, nilizinunua hapa Nyeri kabla ya Pasaka nikazificha ndani ya soksi, hazijauzwa hata nilipokosa unga. Zaidi ya hapo sina kitu. Hakuna hema, hakuna suti, wala wa kupiga picha. Nitavaa lile koti la marehemu baba, kama nondo wameniachia mikono. Kama utaona aibu kuolewa hivyo, niambie mapema, nitaelewa, lakini sitakata simu tena. Na kama hutaona aibu, basi toa ile sare sandukuni uianike jua kidogo, isije ikanuka kafuri siku yako ya kwanza kukaa mbele.

Nisalimie mama, mwambie goti asilikande kwa maji ya moto sana. Nisalimie dada yako anayekusaidia shamba, na mama mwenyekiti wa umoja ambaye nasikia anakutunzia nafasi hata bila ruhusa. Righa mwambie karo yake ilitoka mahali pabaya, nitamweleza mwenyewe, ila asome. Wawuda mbusu, umwambie baba yake bado ana masharubu.

Na kaka yako, shemeji yangu mwema, mpe mkono kwa niaba yangu. Alituahidi mbuzi tangu ile Desemba. Mwambie mbuzi huyo bado anahitajika, na amlete. Lakini achomwe nje. Mvua ikinyesha, tutaloa naye.

Wako wa miaka kumi na sita, anayeomba kuanza upya mbele ya watu,

Mwadime, Baba Righa